Buluu Mia Mbili na Kumi na Nne

Mwenye studio ya picha aliingia kwa fundi asubuhi, monita ameikumbatia kifuani kama mtu anayekimbiza mgonjwa, akaitua mezani bila hata kuuliza pa kuiweka.

"Vitufe, hii kitu imerogwa," alisema huku akihema. "Itoe mashetani yake, au niambie niitupe."

Jina alilopewa fundi na wazazi wake halikutumiwa tena na mtu yeyote isipokuwa dada yake, na hata huyo alilitumia akiwa amekasirika tu. Wengine wote walimwita Vitufe, kwa kuwa kutwa alishinda akibonyeza vitufe vya monita za watu. Hakutengeneza redio wala simu. Ukimpelekea pasi, alikutazama kama umemtukana. Yeye na vioo vya kompyuta, basi.

"Imefanya nini?" aliuliza.

"Haina haki. Asubuhi anaikalia dada yako, picha zinatoka safi, huna la kusema. Mchana anaikalia Baba Pacha. Monita ileile, printa ileile, karatasi ileile, na watu wanatoka manjano! Juzi bibi harusi katoka kama ana homa ya ini. Mama mkwe wake kaja kunifokea mimi, na harusini kwenyewe sikualikwa."

"Umerudisha mipangilio ya mwanzo?"

"Mara tatu, kwenye menyu. Inaniambia imerudisha, na hakuna kilichorudi." Mwenye studio akajifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na ile tabia ya watu wenye haraka, ya kukata shauri kabla ya kumaliza sentensi. "Sasa nisikilize. Ukiniambia kioo kibovu, nanunua kingine kesho. Ukiniambia kizima, basi kibovu ni macho ya Baba Pacha. Najua ana watoto wachanga, Mungu anisamehe, lakini mtu asiyeona rangi hana kazi kwangu. Hii ni studio ya picha, si bahati nasibu."

Akaondoka, mlango ukabaki unapepea.

Hapa inafaa kueleza siri iliyompa Vitufe jina na kiburi chake. Kila monita ina menyu mbili. Moja ni ya mwenye mali, ya kuongeza mwanga na kubadili lugha, na hata mtoto anaichezea. Ya pili ni ya kiwandani. Imefichwa, haimo katika kitabu chochote cha maelekezo, na huko ndiko wanakopanga nguvu ya kila rangi kabla kioo hakijatiwa kwenye boksi. Ukigusa kitu huko, yale maneno ya "rudisha mipangilio ya mwanzo" hayafui dafu. Na kila kampuni ina njia yake ya kuingilia, wanaificha kama mwizi anavyoficha jina lake. Kwa monita za aina hii, Vitufe aliipata njia baada ya kuhangaika wiki tatu nzima: unachomoa waya wa umeme, unakandamiza kitufe cha menyu pamoja na kile cha kushusha, unachomeka tena bila kuviachia, unahesabu hadi saba, na mlango wa uani unafunguka. Mkewe alizijua siri zake zote, hata ile ya kuogopa mende, lakini hiyo ya vitufe viwili hakuambiwa.

Akachomoa, akakandamiza, akachomeka, akahesabu. Ukurasa ule mdogo wa kijivu ukajitokeza pembeni. Nyekundu 128. Kijani 128. Buluu 214.

Kitu cha kwanza kilichompata kilikuwa hasira. Kiwandani rangi zote tatu hutoka na mia na ishirini na nane. Nani kaingia humu? Kuna fundi gani mwingine mjini mwenye ufunguo wa uani? Yeye mwenyewe alikumbuka kumwongezea dada yake buluu kidogo, mara kadhaa, lakini kidogo ni kidogo. Mia mbili na kumi na nne si kidogo, ni uhuni.

Akavuta daftari lake. Vitufe alikuwa na sheria moja aliyoiheshimu kuliko sheria zote za nchi: usibadilishe namba ya kiwandani kabla hujaiandika, na ukishaibadilisha, andika ile mpya. Akapekua kurasa hadi akafika kwenye monita ya studio. Mwandiko ulikuwa wake. Miaka mitatu iliyopita, mara ya kwanza, buluu kutoka 128 hadi 138. Miezi minane baadaye, 149. Kisha 160. Kisha 176. Kisha 193. Miezi miwili iliyopita, 214. Kila mara ameandika pembeni maneno yaleyale: taa ya nyuma imechoka.

Usimcheke. Taa za nyuma ya kioo huzeeka kweli, na zikizeeka mwanga wake huelekea umanjano, kwa hiyo kosa lake lilikuwa la fundi anayejua kazi. Dada yake alikuwa akimpigia simu, "Mdogo wangu, kioo kimechoka tena," naye anakwenda, anapiga magoti nyuma ya monita kwenye vitufe, anapandisha namba huku dada amekaa mbele anasema ongeza, ongeza, bado, hapo hapo. Muda wote huo alimtazama dada, hakukitazama kioo. Kwa nini akitazame? Katika mambo ya rangi, neno la dada lilikuwa la mwisho. Miaka ishirini na sita watu walimletea picha za marehemu wao zilizoliwa na mende, naye akawarudishia sura zao na rangi ya ngozi ileile waliyozikwa nayo. Vitufe ni nani hata ambishie?

Safari hii kioo kilikuwa mezani kwake, karibu na dirisha, mchana kweupe. Akafungua ukurasa mtupu mweupe, akachukua karatasi nyeupe, akaishika kando yake. Karatasi ikaonekana kama imechovywa kwenye chai. Kioo kilikuwa buluu tupu.

Akakaa chini. Mama yao naye alianza hivi. Mama alilaumu sabuni. Alisema shuka hazitakati, akabadilisha sabuni mara nne, akagombana na muuza duka, kisha akasema ukuta unataka chokaa upya. Walipokuja kutambua kwamba sabuni haina kosa, macho yalikuwa yamefunga utando, na mama akakataa kisu katakata kwa sababu alimjua mtu mmoja aliyepasuliwa akatoka kipofu zaidi. Miaka tisa dada alimshika mama mkono: bafuni, uani, kwenye misiba ya watu. Vitufe wakati huo alikuwa mdogo, aliruka tu mbele yao njiani.

Na sasa yeye, fundi mzima, miaka mitatu alikuwa amebadilisha sabuni.

*

Dada alifika saa nane, akitoka kazini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mwembamba, mwenye kutembea wima.

"Umeniita kama polisi," alisema. "Nani kafa?"

"Kaa, Dada. Hebu tazama hii."

Vitufe alikuwa ameirudisha buluu kwenye 128, na amefungua picha ambayo dada aliimaliza wiki ile: wauguzi kumi na wawili, wamesimama kwenye ngazi, sare nyeupe.

"Ah! Umeimwagia chai? Hiyo si picha yangu."

"Ndiyo hiyohiyo. Sijaigusa."

"Basi umeharibu kioo. Ongeza buluu."

"Niongeze mpaka wapi?"

"Fundi nani hapa? Mpaka nikuambie."

Akaongeza. Ila safari hii alisimama kando yake, macho yake kwenye kioo. Mia na arobaini. Mia na sitini. Sare zikaanza kuingia ubaridi. Mia na themanini. "Bado," dada alisema. Mia mbili. "Bado kidogo." Wauguzi walikuwa wamekuwa buluu hadi meno. Mia mbili na kumi na nne ikapita.

"Hapo," dada alisema. "Hapo hapo. Umeona nguo zilivyotakata?"

Mia mbili na ishirini na moja. Katika miezi miwili tu.

"Dada," alisema, "mimi nawaona wako buluu."

"Wewe ulianza lini kujua rangi? Itazame shati lako na hiyo suruali, ndipo uzungumze na watu."

"Baba Pacha naye anaona buluu, ndiyo maana anaongeza manjano mpaka maharusi wanaumwa. Muuza maji wa hapo nje nimemwita, naye kasema buluu. Ni wewe peke yako unayeona nyeupe."

Vitufe alichukua daftari akamsomea, tarehe na namba, tarehe na namba, polepole, sauti ikimpotea pale mwishoni. Alipomaliza, dada alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Miaka mitatu unanipima macho," alisema, "na hukuniambia?"

"Nilidhani napima kioo. Wallahi, Dada, nilidhani ni kioo."

Nje mtu alikuwa akiburuta meza. Dada alipoanza kuzungumza, alizungumza kwa sauti ya chini ambayo Vitufe hakuizoea, yeye aliyezoea kuamriwa.

"Taa za magari zimeota miiba. Siku hizi jioni sivuki barabara peke yangu, nasubiri mtu avuke nami nivuke nyuma yake. Soksi nyeusi na za buluu nazifungia fundo ili nisichanganye. Nilijua, mdogo wangu. Si yote, lakini nilijua." Akameza mate. "Sitaki kushikwa mkono. Nilimshika Mama miaka tisa, najua uzito wake. Ule mkono ulikuwa unatetemeka kila hatua. Mimi siutaki."

Vitufe akamwekea mkono begani.

"Ifunge hapo ilipo," dada alisema ghafla. "Mia mbili ishirini na ngapi? Ifunge. Mwambie kioo kizima. Kazi yangu inatoka safi, si ndiyo? Nani anadhurika?"

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Vitufe angetoa figo moja kwa huyu mwanamke, na alichoombwa ni kubonyeza kitufe tu.

"Baba Pacha," alisema. "Mwenye studio kasema kioo kikiwa kizima, basi mbovu ni macho ya Baba Pacha. Anamfukuza."

"Kasema lini?"

"Leo asubuhi. Kwa mdomo wake."

Dada aligeuza uso dirishani. Mapacha wa Baba Pacha walikuwa na miezi minne. Dada ndiye aliyewapiga picha ya kwanza, ameikalia siku mbili akiondoa vivuli, na baba yao aliiweka kwenye simu akaionyesha hadi kwa wasiomjua.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mwishowe. "Haya yangu yanataka kumuumbua mtu mwingine. Chomoa hicho kioo, twende."

*

Alikwenda mwenyewe, mbele, Vitufe nyuma na monita mikononi. Aliingia studio, akamkuta mwenye studio na Baba Pacha wamenuniana kati ya miavuli ya taa, akasema yote kwa pumzi moja, amesimama, kama mtoto anayesoma shairi asiloruhusiwa kulikosea. Kwamba kioo kilipotoshwa kwa ajili ya macho yake. Kwamba fundi hakujua. Kwamba Baba Pacha anaona vizuri kuliko wote.

Baba Pacha, jitu kubwa lenye mabega ya kubebea magunia, lilishika kichwa.

"Kumbe mimi mzima! Dada, mke wangu ananilisha karoti wiki ya pili sasa. Asubuhi karoti, mchana karoti. Nimeanza kuota masikio!" Kisha akaona uso wa dada, kicheko kikamkatika, akaenda kumvutia kiti.

Mwenye studio alikuwa akitazama sakafu. Maneno yake ya asubuhi yalikuwa yamemrudia, na kwa mtu wa aina yake hiyo ni adhabu tosha.

"Nilisema asiyeona rangi hana kazi kwangu," alisema. "Mimi mdomo wangu unatangulia. Utakaa mapokezi mpaka upone. Kiti chako kitakuwepo." Akamgeukia Baba Pacha. "Na wewe usikizoee."

Daktari wa macho alitumia muda mfupi kuliko walivyosubiri foleni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, amekomaa. Ataanza na la kulia, kazi ya nusu saa. Akaandika siku.

Siku ilipofika, dada alisema ana mafua. Akapangiwa nyingine, akasema kadi imepotea, na Vitufe akaikuta chini ya godoro. Hakumkemea. Alimletea nyumbani monita ndogo ya zamani, ya kampuni ileile, akaingia mlango wa uani, akapandisha buluu hadi 221, akamwekea picha zote za familia azitazame wakati akijipa moyo. Safari hii alijua anachofanya. Dada alitazama picha za mama jioni nzima, na asubuhi akampigia simu.

"Njoo tuende kabla sijabadilisha mawazo. Na mkono utanishika mpaka mlangoni tu, tumeelewana?"

Alimshika mpaka mlangoni. Ulikuwa unatetemeka. Vitufe alikaa kwenye benchi akahesabu kila kitu kilichohesabika, vigae, taa, vitasa, hadi alipotoka na kiraka jichoni, analalamika kwamba chai ya huko haina sukari.

Kesho yake walimwondolea kiraka, wakampa dawa ya matone na masharti ya kutosha. Njia nzima ya kurudi nyumbani Vitufe aliogopa kuuliza anaonaje. Walipofika, dada alikwenda moja kwa moja kwenye ile monita ndogo, akaiwasha, akakaa, na mara akapiga ukelele uliomfanya Vitufe aangushe funguo.

"Nini hii? Umemfanya nini Mama?"

"Nimemfanya nini?"

"Buluu! Wote buluu! Familia nzima imezama majini, na wewe umesimama tu hapo!"

"Dada, ni wewe uliyesema hapo hapo."

"Mimi? Mimi na akili zangu niseme hivi?" Akaliziba jicho jipya kwa kiganja. "Aa," akasema taratibu. Akalizibua. "Loo." Akaziba, akazibua. Akafanya hivyo mara nyingi, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa, na mara ya mwisho alikuwa anacheka na mashavu yamelowa. "Kumbe ndivyo mlivyokuwa mkiishi, ninyi. Irudishe hii. Irudishe upesi, inaniumiza."

Vitufe alinyoosha mkono kwenye vitufe, kisha akaurudisha.

"Irudishe mwenyewe," alisema, na siri aliyomnyima mkewe akamwambia dada yake: chomoa, kandamiza hiki na hiki, chomeka, hesabu saba. Dada akahesabu kwa sauti. Ukurasa wa kijivu ukatokea, naye akaanza kushuka. Hakutazama namba hata moja, alitazama gauni la mama tu, lile jeupe. Akashuka, akapunguza mwendo, akapita kidogo, akarudi juu hatua mbili, akaacha.

"Hapa."

Vitufe akainama kusoma. Mia na thelathini na moja.

"Umekaribia," alisema. "Kiwandani ni mia na ishirini na nane. Umekosea tatu."

"Kiwanda ndicho kilichokosea tatu," dada alisema, na Vitufe hakuthubutu kubisha.

Kisha akageuka kwenye kiti, akamtazama mdogo wake, na akaacha kucheka. Akainuka, akamvuta hadi dirishani kwenye mwanga, akamshika kidevu.

"Mvi zote hizi," alisema. "Zimeota lini?"

"Zipo siku nyingi, Dada."

"Na hii mikunjo? Na hili kovu hapa?"

"Kovu ni la mwaka juzi. Nilianguka na ngazi. Ulikuja kuniona hospitali."

"Nilikuja," dada alisema. "Nilikuja, nikakaa nawe siku nzima."

Vitufe akajaribu kucheka, asiweze. Alikuwa na miaka arobaini na minne, ana mke na watoto, na alisimama pale kidevu mkononi mwa dada kama zamani alipokaguliwa kama amenawa masikio, naye dada alimpitia uso wote kwa jicho lile moja jipya, paji, pua, mashavu, bila haraka.

"Geuka," alimwambia. "Nione na upande wa pili."